Mji wa Chuo ni Uhaba wa Mabweni

Ukitaka kuuziwa kiwanja Kinyerezi kwa bei isiyo yake, mwache dalali aongee. Atakuonyesha nguzo ya umeme, atakuonyesha lami ilipo, atakuonyesha ukuta wa mkubwa fulani aliyeanza kujenga. Mkikaribia kuelewana atashusha sauti: "Halafu bosi, huku kuna chuo kinakuja." Chuo gani, hasemi. Lini, anasema mchakato unaendelea. Basi imetosha, bei imeshapanda. Nenda Kifuru, nenda Bonyokwa, nenda Malamba Mawili, utaisikia hadithi ile ile, na kila mahali chuo ni kile kile kisicho na jina.

Dalali hakuitunga. Ameipokea kutoka kwa wakubwa. Tangu Serikali ipate fedha za Benki ya Dunia mwaka 2021, dola milioni 425 za mradi wa elimu ya juu unaojulikana kwa jina la HEET, vyuo vikuu vya umma vimekuwa vikiotesha matawi mikoani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinakwenda Lindi na Kagera, Muhimbili Kigoma, Mzumbe Tanga, Ardhi Mwanza. Na kila linapowekwa jiwe la msingi, hotuba ni moja: chuo kinaleta mji, wananchi jengeni nyumba za kupangisha, mama lishe jiandaeni, vijana changamkieni fursa. Sina ugomvi na majengo hayo kama yatasomesha watu. Ugomvi wangu ni na hotuba. Chuo kikuu cha umma katika nchi hii hakijawahi kujenga mji. Tunachokiita mji wa chuo ni jina la heshima la uhaba wa mabweni, na mtaa unaoishi kwa uhaba huo unaomba kila siku, bila kujua, kwamba chuo kisiwahi kutimiza wajibu wake.

Tuanzie Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa wote wanaobishana nami huanzia huko. Chuo kilifunguliwa mwaka 1961 mjini, Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikapandishwa kilimani, na kwa karibu miaka thelathini mwanafunzi wa Mlimani alilala kitanda cha Serikali na kula chakula cha Serikali. Kama chuo kwa asili yake huinua majirani, hiyo ndiyo miaka ambayo tungeyaona. Chuo kilikuwa na jina Afrika nzima, maprofesa walitoka pande zote za dunia, na chini ya kilima Changanyikeni walikuwa wakilima mihogo yao kama kawaida. Mwanafunzi hakuwa na cha kununua kwao wala cha kupanga kwao.

Kilichobadilika si chuo kukua kielimu. Miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, udahili ukapanda, mabweni yakabaki yale yale. Hapo ndipo lilipozaliwa neno ambalo kila aliyepita Mlimani analijua: kubebana. Mwenye chumba anambeba asiye na chumba, kitanda kimoja watu wawili, godoro la ziada linasimamishwa ukutani asubuhi kabla mkaguzi hajapita. Aliyekosa wa kumbeba akashuka mtaani kutafuta gheto. Ndiyo siku mji wa chuo ulipoanza. Ulianza na godoro lililokosa pa kutandikwa.

"Mbona Sinza?" wataniuliza. Sinza ndiyo hoja yao kubwa: maduka, baa, saluni, nyumba za kupangisha, wanafunzi tele. Lakini Sinza haikujengwa na chuo. Sinza, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Barabara zilichongwa kwanza, mabomba yakalazwa, watu wakapewa viwanja wajenge wenyewe. Mwanafunzi alikuja baadaye akakuta mtaa una maji na una njia, akapanga. Alifuata mji.

Ukitaka kuona chuo kinajenga nini kikiachwa peke yake, usiende Sinza. Nenda kule kilikogusana uzio na wananchi, Changanyikeni na Makongo. Hapa kuna jambo ambalo bado linanishangaza. Ubavuni mwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo Chuo Kikuu Ardhi, chuo cha umma ambacho kazi yake hasa ni kufundisha upimaji wa ardhi, usanifu wa majengo na mipango miji. Toka getini, piga hatua chache, uko Makongo Juu: nyumba nzuri za wasomi na watumishi zimeota kila mtu alivyopata, njia inaishia kwenye ukuta wa mtu, na barabara ya kuelekea Goba kwa miaka mingi ilikuwa mashimo na vumbi, mvua ikinyesha ni tope la kukwama magari. Mabingwa wa mipango miji wa taifa zima wamepita njia hiyo kwenda kufundisha mipango miji. Sisemi hivyo kuwabeza. Profesa hana mamlaka ya kuchonga barabara, hiyo ni kazi ya manispaa na ya wakala wa barabara, na ndicho ninachosema: aliyeshika mji ni mwingine. Kama chuo cha ardhi hakikuweza kupanga ardhi ya jirani yake, chuo cha kilimo au cha biashara kitaipanga vipi ya Kinyerezi?

Kuna watakaonitajia Mlimani City. Kweli, duka lile kubwa limesimama tangu 2006 juu ya ardhi ya chuo, kwa mkataba na kampuni kutoka Botswana. Lakini angalia lilipo: pembeni ya Barabara ya Sam Nujoma, mahali ambapo Mwenge, Ubungo na Sinza zinakutana. Wateja wake wanatoka Mbezi Beach na Mikocheni na magari yao. Ondoa chuo, acha barabara, duka lipo. Ondoa barabara, acha chuo, una pori la mwarobaini na vibao vya "usikate miti".

Sasa twende kwenye kodi, kwa sababu huko ndiko hoja ya wapinzani wangu ina nyama. Wanasema: hata kama chuo hakileti barabara, kinaleta hela. Mwenye nyumba anasomesha watoto wake kwa kodi za wanafunzi, utamwambia nini? Nitamwambia tupige hesabu pamoja. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anapewa shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, na posho hiyo, bumu kwa lugha yao, hutoka kwa mafungu. Tuseme fungu la siku 60, laki sita. Tuseme chumba ni elfu themanini kwa mwezi, na mwenye nyumba, kama ilivyo desturi ya Dar, anataka miezi sita kwa mkupuo: laki nne na themanini. Imebaki laki moja na ishirini ya kula na nauli kwa siku 60. Elfu mbili kwa siku.

Elfu mbili hiyo ndiyo uchumi wa mji wa chuo. Ukitaka kuuona, simama dukani kwa Mangi siku ya arobaini baada ya bumu. Daftari la madeni liko juu ya kaunta, limekunjika pembe, majina yameandikwa kwa vyumba badala ya ukoo: Room 4 mayai mawili, Room 7 mkate nusu, Yule wa Sheria vocha ya jero. Mwenye genge la chipsi amepunguza viazi. Steshenari inafanya kazi wiki mbili za kabla ya mitihani, kutoa kopi za madesa, kisha inalala. Julai vyuo vinafungwa, na mtaa mzima unakaa miguu juu hadi Oktoba au Novemba. Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa Machi kwa sababu ya korona hadi tarehe 1 Juni, mitaa ya wanafunzi ilionja kufunga kabla ya wakati wake, na hakuna aliyekuwa na akiba ya kuulizwa. Huu ni mtaa unaoishi kwa posho ya mkopo wa mtu mwingine. Na pesa kubwa zaidi, ile ya kodi, haibaki mtaani: inakwenda kwa mwenye nyumba, ambaye mara nyingi haishi hapo, akajengee kwingine.

Wakati huohuo kuna mtu anayeondoka kimyakimya. Fundi cherehani, muuguzi wa zahanati, dereva wa bajaji, wote walikuwa wapangaji wa miaka. Mwenye nyumba akigundua kwamba sebule moja ikigawanywa kwa mbao inatoa vyumba viwili vya wanafunzi, familia inaambiwa kuna ukarabati. Wanahamia mbali zaidi. Wengi wao, nawaambia wale wanaokiombea Kinyerezi chuo, wamehamia Kinyerezi.

Aprili 2017 Rais Magufuli alizindua Mlimani mabweni mapya, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, yaliyojengwa kwa shilingi bilioni 10. Kwa mwanafunzi ilikuwa neema: hakuna nauli ya asubuhi, hakuna mwenye nyumba, hakuna kutembea usiku kutoka maktaba hadi Msewe ukishika simu mfukoni. Kwa mwenye nyumba wa mtaani ilikuwa msiba wa wapangaji 3,840. Hapo ndipo siri yote ilipofichuka. Katika mji halisi, mafanikio ya kiwanda ni mafanikio ya mtaa wa kiwanda, na bandari ikifanya vizuri Temeke inafanya vizuri. Mji wa chuo peke yake ndio ambao chuo kikitimiza wajibu wake, mtaa unalia.

Dodoma watasema ni tofauti. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007, kikapewa eneo la hekta kama 6,000 kwenye vilima vya Chimwaga na lengo la wanafunzi 40,000. Hakuna chuo cha umma nchini kilichopewa ardhi na matumaini kiasi hicho. Na Dodoma kweli imepaa. Lakini tazama tarehe. Miaka tisa ya kwanza ya chuo, Dodoma ilikuwa Dodoma ile ile ya vikao vya Bunge: wabunge wakija hoteli zinajaa, wakiondoka zinafagiwa. Julai 2016 ikatangazwa kwamba Serikali yote inahamia, 2018 ikawa jiji, na ndipo viwanja vilipogeuka dhahabu. Wizara zilipofika zikakosa ofisi, kadhaa zikajibanza katika majengo ya chuo hadi Mji wa Serikali wa Mtumba ulipokuwa tayari. Chuo kiliupokea mji kama mwenyeji anavyompokea mgeni mkubwa, kwa kumpisha kitanda. Na kabla ya hapo, Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliamriwa kuondoka chuoni hapo kwa muda mfupi usiotosha hata kufunga begi vizuri. Mji gani unaojiita mji huku wateja wake elfu saba wanaweza kufutwa kwa tangazo moja?

Mzumbe sitakaa nayo sana, maana inajieleza. Pale kumekuwa na chuo cha aina fulani tangu 1953, mkoloni alipoanzisha shule ya watumishi wa serikali za mitaa. Kikawa chuo cha uongozi na maendeleo, kikawa chuo kikuu 2001. Viongozi wangapi wa nchi hii wamepita Mzumbe? Zaidi ya miaka sabini, na nje ya geti ni kijiji. Kijiji kizuri, chenye mandhari ya Uluguru, lakini kijiji.

Morogoro mjini ndiko kwenye somo gumu zaidi, na halisemwi. Ule ulikuwa mji kabla ya chuo: reli ilifika enzi za Mjerumani, mkonge ukafuata, kisha miaka ya 1970 na 1980 ukawa mji wa viwanda, viatu, ngozi, turubai, nguo. Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kikazaliwa pale pale. Kisha viwanda vikaanza kufa kimoja baada ya kingine. Kile cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikafa kikiwa bado kipya. Chuo kilizidi kukua miaka ile ile mji ulipokuwa unapungua. Kama chuo ni injini ya mji, Morogoro ilipaswa kuwa ndiyo ushahidi. Watoto wa wafanyakazi wa viwanda hawakupata ajira Sokoine. Waliopata kitu walipata kibanda cha kuuza vocha.

Nisionekane nachagua mifano ya kwetu tu. Kenya wana Juja, na mtu yeyote akitaka kunishinda hunitajia Juja. Chuo cha Jomo Kenyatta kilianza pale 1981, kikawa chuo kikuu kamili 1994, na leo Juja ni maghorofa ya vyumba vya wanafunzi mpaka jicho lichoke. Sawa. Lakini Kenya hiyo hiyo wana Egerton kule Njoro, iliyoanza 1939 kama shule ya kilimo na kuwa chuo kikuu 1987. Chuo kikongwe, chenye ardhi, chenye jina. Njoro imebaki mji mdogo wa pembeni mwa Nakuru. Tofauti ya Juja na Njoro haipo madarasani. Juja iko kando ya Barabara ya Thika, ile iliyopanuliwa na kukamilika 2012, na Nairobi iko karibu kiasi kwamba mfanyakazi wa Nairobi anashindania chumba kile kile na mwanafunzi. Juja ni kitongoji cha Nairobi chenye chuo ndani yake.

Na Makerere? Makerere ilianza 1922. Ina zaidi ya karne, imesomesha marais wa nchi tatu za Afrika Mashariki, Nyerere, Obote na Kibaki. Shuka kilimani upande wa Wandegeya, kati ya chuo na Hospitali ya Mulago: hilo bonde linaitwa Katanga, ni moja ya mitaa ya mabanda maarufu kuliko yote Kampala. Miaka mia moja ya ujirani na chuo kikuu pamoja na hospitali kuu ya taifa.

Rudi sasa huku kwetu. Kinyerezi imekua bila chuo, tena imekua haraka. Bomba la gesi la zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara limeishia hapa, mitambo ya umeme ya Kinyerezi I na II imewashwa, lakini hata hiyo haikuujenga mtaa, mafundi wake ni wachache na wengi wanaishi kwingine. Kilichoijenga ni lami iliyotoka Tabata kupitia Segerea, na maelfu ya watu waliochoka kupanga wakanunua vipande vyao, wakapandisha tofali msimu huu, bati msimu ujao, wakahamia nyumba haina madirisha. Ni mji wa watu wenye mishahara na biashara, wanaolala hapa miezi yote kumi na miwili. Mtu anayetaka kuibadilisha hiyo kwa mtaa wa bumu hajui alicho nacho.

Chuo kikuu cha umma kilicho karibu nasi kinaweza kuwa funzo. Mloganzila, upande wa pili wa Mbezi, ilitengewa eneo kubwa mno kwa ajili ya kampasi ya Muhimbili. Hospitali imejengwa, ilizinduliwa Novemba 2017, na mgonjwa wa Kinyerezi anatibiwa huko, jambo la kushukuru. Lakini ule mji wa wanafunzi wa udaktari ambao bei za viwanja vya Kibamba na Kwembe zilipandia mgongoni mwake, walionunua kwa bei hiyo bado wanausubiri na fremu zao zimefungwa kufuli.

Ipo namna nyingine ya chuo kuwa na faida kwa majirani, ila haina mlima wala jiwe la msingi, na pengine ndiyo maana haitajwi. Nenda Chang'ombe, Temeke, kwenye chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichoanzishwa 2005 katika kilichokuwa chuo cha ualimu. Kimekaa katikati ya mji uliokwishakuwa mji, una uwanja wa mpira, una viwanda, una shule kila kona. Hakuna anayedai kilikuja kuijenga Temeke. Kila mwaka wanafunzi wake wanakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na shule zenye walimu wachache wa hisabati zinapata mtu wa kusimama ubaoni. Au nenda Kinondoni, Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992. Wanafunzi wake hawapangi chumba cha mtu. Ni karani wa Ilala, ni askari, ni mwalimu wa msingi wa Kinyerezi anayesoma usiku watoto wakilala, na shahada ikitoka mshahara unapanda na unaliwa hapa hapa.

Kisha wapo wale ambao hakuna takwimu ya mji wa chuo inayowahesabu: wanafunzi wa Mlimani, wa Ardhi, wa IFM, waliofikia kwa shangazi Kinyerezi. Wanaamka saa kumi na moja, wanapanda gari mbili, bumu likitoka shangazi anapata gunia la mkaa na ada ya mtoto wa darasa la nne. Hawa wakipewa usafiri wa uhakika kwenda chuoni, Kinyerezi itanufaika na vyuo vitatu kwa mpigo bila kupoteza kiwanja hata kimoja.

Na akija kweli mtu na ramani, si dalali bali wizara yenyewe, ikisema chuo kinajengwa Kinyerezi, wajumbe wa serikali ya mtaa waulize kwanza vitanda. Mnadahili wangapi, mnalaza wangapi? Wakijibu wanalaza wote, wenye vyumba wa Kinyerezi watajua papo hapo kwamba hakuna chao. Wakijibu kwamba wananchi watajenga, basi tumeambiwa wazi tujiandae kuvuna kutoka kwenye elfu mbili ya mtoto wa mtu, na ningependa kuwaona wazazi wenye watoto kidato cha sita wakinyoosha mikono kuunga hoja.